Nyumba ya Balzac Mjini Paris: Uhalisia Wenye Mlango wa Nyuma

Kwa miaka kumi na minne nimewafundisha nadharia za fasihi wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita, na kila nilipofika kwenye uhalisia niliandika ubaoni sentensi ile ile: uhalisia ni tapo la fasihi lililoibuka Ulaya katika karne ya 19, lenye kuyasawiri maisha kama yalivyo. Wanafunzi hunakili, mtihani huuliza, nao hujibu na kupata alama zao. Sikuwahi kuiona kasoro ya sentensi hiyo mpaka nilipokwenda kumtembelea dada yangu anayeishi Paris, nikapata nafasi ya kuingia katika nyumba aliyoishi Honoré de Balzac, mtunzi wa riwaya wa Kifaransa, kuanzia 1840 hadi 1847, ambayo leo ni makumbusho ya Jiji la Paris. Maoni haya nayaandika kwa ajili ya walimu na wasomaji wa fasihi watakaojaliwa safari ya upande huo, wakajiuliza kama panafaa kutengewa nusu siku ilhali Mnara wa Eiffel uko pale pale ng'ambo ya mto. Kwa maoni yangu panafaa, tena mnara wenyewe utauona ukiwa umekaa bustanini.

Mimi nilianza vibaya. Siku mbili kabla ya kwenda Passy, mtaa iliko nyumba hiyo, nilikuwa nimelipia matembezi ya kuongozwa, yaliyotangazwa mtandaoni kuwa yangetuonyesha Paris ya waandishi wa uhalisia. Kiongozi alichelewa dakika arobaini, akatuzungusha kwenye mikahawa mitatu ambayo nadhani ilikuwa na maelewano naye, kisha akatutangazia kwamba Balzac ndiye aliyeliunda tapo la uhalisia na kulipa jina. Fedha nilizopoteza nimekwisha kuzisamehe, lakini kauli ile siwezi kuiachia, kwa sababu mtu akiingia nayo katika nyumba ya Passy atapitwa na nusu ya kilichomo.

Balzac alifariki Agosti 1850, kabla jina hilo halijashika. Lilishika soko miaka mitano baadaye, na aliyelibandika mlangoni hadharani alikuwa mchoraji. Mwaka 1855 baadhi ya picha kubwa za Gustave Courbet zilikataliwa katika Maonyesho ya Kimataifa ya Paris, naye akajenga banda lake mwenyewe karibu na hapo na kulipa jina la Uhalisia. Mwaka uliofuata kijana Edmond Duranty akaanzisha jarida lenye jina hilo hilo, likatoka mara sita tu na kufa. Rafiki wa Courbet aliyeitwa Champfleury akakusanya makala zake na kuzitoa kitabu mwaka 1857, kwa jina hilo pia. Mwaka huo huo Gustave Flaubert alisimamishwa mahakamani kwa madai kwamba riwaya yake kuhusu mke wa daktari wa kijijini ilikuwa inaharibu maadili. Aliachiwa huru, watu wakamtangaza kuwa bingwa wa uhalisia, naye akalichukia jina hilo hadi mwisho. Kwa hiyo mtoto alikuwa amekwisha kutembea kwa takriban miaka ishirini ndipo watu wakakumbuka kumpa jina, na ukitaka kujua alianzaje kutambaa, nyumba ya Passy ni mahali pazuri pa kuanzia.

Kufika si kazi. Unashuka kituo cha Passy katika njia namba 6 ya metro, unatembea dakika chache hadi Rue Raynouard namba 47, na hapo wageni wengi huipita nyumba bila kuiona, kwa kuwa imejengwa mteremkoni na ukiwa barabarani unayoyaona ni mapaa. Lazima ushuke ngazi ndipo uukute uwanja wa bustani na nyumba yenyewe, ambayo si jumba la fahari hata kidogo. Enzi za Balzac hapa palikuwa kijijini. Passy iliingizwa katika jiji mwaka 1860, yeye akiwa ameshalala kaburini miaka kumi. Alipanga vyumba vyake kwa jina la kubuni, Monsieur de Breugnol, alilolitohoa kutokana na jina la mwanamke aliyekuwa akimsimamia nyumba, Louise Breugniot. Sababu ya kujificha ilikuwa madeni.

Madeni hayo ndiyo ufunguo wa nyumba nzima, kwa hiyo niyaeleze kidogo. Kati ya 1825 na 1828, akiwa bado kijana, Balzac alijiingiza katika uchapishaji wa vitabu, kisha akanunua kiwanda cha kupigia chapa, kisha akaongeza na kiwanda cha kusubu herufi za risasi za kupigia chapa. Vyote vilianguka. Alibaki na mzigo wa makumi ya maelfu ya faranga, sehemu kubwa ikiwa fedha za mama yake mzazi, na kuanzia hapo maisha yake yakawa ni kuandika ili alipe, na kukopa tena kabla hajamaliza kulipa. Nyumba ya Passy ilimfaa kwa sababu ina njia mbili: ya juu inatokea Rue Raynouard, na ya chini inatokea kwenye kichochoro kinachoitwa Rue Berton. Mdai akigonga juu, mwenye deni anaondokea chini.

Nilikwenda na mpwa wangu wa miaka kumi na sita, aliyezaliwa huko huko na anayekisoma Kifaransa kama anavyokunywa maji, naye ndiye aliyekuwa akinifasiria maandishi ya ukutani. Alipofika kwenye habari ya milango miwili akacheka, akaniambia, "Mjomba, kumbe huyu alikuwa mwongo, halafu nyinyi mnamfundisha kuwa ni wa ukweli." Nilimjibu jibu la kiutu uzima ambalo halikuwa na maana yoyote. Swali lake lilinikaa kichwani hadi tulipotoka.

Chumba cha kuandikia ndicho kinachowaleta watu. Kina meza moja ndogo, ndogo kuliko dawati la mwalimu katika shule nyingi nilizofundisha, yenye miguu iliyochongwa kwa mzunguko na uso uliochakaa. Mtunzi wa riwaya na hadithi zipatazo 90, zenye wahusika zaidi ya 2,000, alikuwa na nafasi ya karatasi, wino, mshumaa na viwiko viwili basi. Alikuwa akiamka usiku wa manane na kuandika mpaka asubuhi. Katika nyumba hiyo imehifadhiwa pia birika yake ya kauri ya kupikia kahawa, yenye herufi za jina lake, H na B. Sisi tuliozoea mdila wa shaba ukiwa juu ya jiko la makaa na vikombe visivyo na mkono tunaweza kudhani tunaijua kahawa. Balzac aliandika insha nzima kuhusu vichangamsho, iliyotoka 1839, akaeleza jinsi kahawa nzito ikinywewa tumbo likiwa tupu inavyoyafanya mawazo kwenda mbio kama vikosi vya jeshi. Kijiweni kwetu kahawa ni ya mazungumzo, ilhali kwake ilikuwa ya upweke na ya kazi, nami nikiitazama ile birika nilimwonea huruma zaidi kuliko kumwonea wivu. Ipo na fimbo yake ya kutembelea iliyopambwa kwa feruzi, kitu cha anasa kilichovuma Paris nzima. Mtu aliyekuwa akiwakimbia wadai alitembea na fimbo ya vito! Naipendelea fimbo hiyo kwa sababu inakataza kumfanya mtakatifu wa umaskini.

Hata hivyo, kitu kilichonilipa nauli yangu ni karatasi za prufu. Wachapishaji wetu wanalijua neno hilo: ni zile kurasa za majaribio anazopelekewa mtunzi azisome mara ya mwisho kabla kitabu hakijachapwa, na mwandishi mstaarabu hurekebisha herufi mbili tatu na kuzirudisha. Balzac alizifanya ndizo pa kuanzia. Katikati ya ukurasa pana maneno yaliyopigwa chapa, machache, yamekaa kama kisiwa. Pembeni, juu, chini na kila palipobaki weupe pamejaa mwandiko wake, mistari ikichomoka kutoka kwenye kila sentensi na kukimbilia ukingoni kama miali ya fataki, na mwisho wa kila mstari pana aya mpya iliyozaliwa hapo. Kisha karatasi ilirudi kiwandani, ikapangwa upya, ikaletwa tena, naye akaivuruga tena, mara nyingi kupita kiasi, na gharama za kupanga upya zikakatwa katika malipo yake mwenyewe. Nilisimama pale muda mrefu hadi mpwa wangu akaenda kukaa. Kwa miaka kumi na minne nimekuwa nikisema "maisha kama yalivyo" kana kwamba maisha yako nje dirishani na mwandishi anayanakili. Mbele yangu palikuwa na ushahidi wa maandishi kwamba hayo maisha kama yalivyo yalipatikana kwa kubuni, kufuta, kubuni tena na kudaiwa.

Chumba kingine kinaonyesha vibao vya chapa vya picha za wahusika wake, mamia kwa mamia, vimepangwa ukutani kama sura za abiria katika treni iliyojaa: mawakili, wakopeshaji kwa riba, mabinti wa kuolewa, majambazi, makarani, wakuu wa kanisa. Hapo mpwa wangu aliamka, akanionyesha sura ya mzee mmoja. "Huyu si ndiye yule mzee wa tambi? Tumemsoma shule." Alikuwa akimkusudia Goriot, na kwa kuwa ndiye mfano ninaoujua vizuri kuliko yote, niruhusiwe kukaa naye kidogo.

Riwaya ya Goriot, iliyotoka kama kitabu mwaka 1835, inaanzia katika nyumba ya kupanga ya mjane mmoja, ambako wapangaji wanalala na kulishwa humo humo. Kurasa nyingi zinapita kabla tukio lolote halijatokea. Tunaelezwa mtaa, ukuta, viti, vitambaa vya mezani na hata harufu ya ukumbi. Msomaji aliyelelewa na riwaya za ulimbwende, zenye dhoruba na mapango na wapenzi wanaolia mwezini, alikuwa na haki ya kuuliza hadithi iko wapi. Hadithi ilikuwa katika kodi. Goriot, mfanyabiashara wa tambi aliyestaafu, anafika 1813 na kupanga vyumba vya ghorofa ya kwanza kwa faranga 1,200 kwa mwaka. Mwishoni mwa mwaka wa pili anahamia ghorofa ya pili kwa faranga 900. Mwishoni mwa mwaka wa tatu yuko ghorofa ya tatu, akilipa faranga 45 kwa mwezi. Anapanda kadiri anavyofukarika, na wapangaji wenzake wanadhani fedha zinaishia kwa wanawake wa nje, kumbe zinaishia kwa binti zake wawili walioolewa na wakubwa na wanaomwonea aibu. Hakuna mahali msimulizi anapohitaji kutuambia kwamba mzee anaumia. Ghorofa tatu zimekwisha kusema. Hilo ndilo ninaloliita uhalisia sasa, na sikulipata katika kitabu chochote cha nadharia: mtunzi anapojua mhusika wake analipa kiasi gani, anamlipa nani na tarehe ngapi, na anapoiachia hesabu hiyo ifanye kazi ambayo zamani ilifanywa na mizimu, malaika na bahati.

Nyumba inakumbusha pia kwamba dibaji ya mkusanyiko wake mkubwa, ile ya 1842, iliandikwa wakati akiishi hapo. Ndani yake Balzac anazilinganisha tabaka za watu na spishi za wanyama kama wanazuolojia walivyozipanga, na anasema jamii ya Ufaransa yenyewe ndiyo ingekuwa mwanahistoria, yeye akiwa katibu wake tu. Ukitoka kwenye zile prufu huwezi kuiamini kauli hiyo bila kutabasamu, kwani katibu gani huyo anayebadilisha kumbukumbu za kikao mara kumi! Lakini upande mmoja ilikuwa ya kweli. Balzac kwa siasa zake alikuwa mtu wa wafalme na wa Kanisa, na hata hivyo vitabu vyake vinaonyesha watu wenye mabenki na maduka wakiwameza wale mabwana aliowapenda. Friedrich Engels, mwenzake Karl Marx, alilitaja jambo hilo katika barua ya 1888, akasema kwamba kwa Balzac alijifunza mengi kuliko kwa wanahistoria, wachumi na watakwimu wa taaluma. Tuliosoma fasihi Tanzania tumekutana na barua hiyo kwa njia ya mzunguko, kupitia masomo ya uhakiki wa Kimaksi na mada ya uhalisia wa kijamaa, ila tulikutana nayo bila Balzac mwenyewe, kama mchuzi uliopakuliwa bila wali.

Kwa kuwa nimefika nyumbani, niseme jambo moja la kwetu. Shaaban Robert katika Kusadikika, ya 1951, aliiweka nchi yake angani, nasi tukaelewa alikuwa akizungumzia nchi iliyo chini. Miaka ishirini baadaye Euphrase Kezilahabi alitoa Rosa Mistika, akamweka binti wa Ukerewe katika mabweni na vitanda vinavyojulikana, kitabu kikapigwa marufuku mashuleni kwa muda kwa hoja zinazofanana sana na zile alizosomewa Flaubert mahakamani. Naye Shafi Adam Shafi katika Kuli alitupeleka bandarini Unguja kwa wapagazi wanaohesabu ujira wao. Sisemi kwamba hao wameiga Paris. Ninachosema ni kwamba mahali popote fasihi inapoteremka kutoka angani na kuanza kuulizia ujira na kodi, atatokea mtu wa maadili kulalamika, na malalamiko hayo ni dalili nzuri ya kuchunguza.

Sasa mipaka ya makumbusho haya, ili asije mtu akanilaumu. Hii ni nyumba ya mtu mmoja, wala si historia ya tapo zima. Flaubert humkuti, Émile Zola na wenzake wa uasilia, tapo lililoufuata uhalisia, huwakuti, Warusi na Waingereza ndio kabisa. Huduma ya gazeti la bei nafuu katika kukua kwa riwaya, ambayo kwangu ni sababu kubwa kuliko falsafa yoyote, inabidi uje nayo kichwani: mwaka 1836 Émile de Girardin alianzisha gazeti la La Presse kwa ada ya faranga 40 kwa mwaka wakati magazeti mengine yalitoza 80, akafidia pengo kwa matangazo, na mwaka huo huo Balzac akaanza kuchapisha humo riwaya kwa mfululizo. Msomaji mpya alikuwa karani na mwenye duka, na alitaka kusoma habari za makarani na wenye maduka. Anayetaka upande wa wachoraji aende Musée d'Orsay, akasimame mbele ya picha ya Courbet ya mazishi ya kijijini Ornans, yenye upana unaozidi mita 6, ambamo wanakijiji wa kawaida wamechorwa kwa ukubwa uliokuwa ukitengwa kwa wafalme na manabii. Karibu nayo ipo ile ya karakana ya mchoraji, na Champfleury amekaa ndani yake. Nyumba ya Passy asubuhi na Orsay mchana ni siku iliyokamilika, ingawa miguu italalamika.

Hoja ya lugha ni ya kweli pia. Asiyesoma Kifaransa na aje na mpwa, au walau awe amesoma riwaya moja ya Balzac kwa tafsiri ya Kiingereza kabla ya kuja, la sivyo ataona meza, birika na karatasi zilizochafuliwa. Mimi ningependekeza hiyo ya Goriot, na nasikitika kwamba nilipotaka kumpa mwanafunzi wangu mmoja kwa Kiswahili sikuwa na cha kumpa.

Kuingia kwenye mkusanyiko wa kudumu ni bure, jambo ambalo Balzac asingeliafiki kibiashara. Saa moja na nusu inatosha, mbili kama unapenda kukaa bustanini. Jumatatu pamefungwa. Ukitoka usirudi moja kwa moja kituoni. Zunguka ushuke hadi Rue Berton, kichochoro cha mawe kilichobanwa na kuta zilizotambaliwa na mimea, chenye jiwe la mpaka la 1731 lililotenganisha Passy na Auteuil, ukauone ule mlango wa chini kwa upande wa mtoro. Mpwa wangu aliugusa kwa kiganja, akauliza faranga 45 za wakati ule zingepanga nini leo Manzese. Vaa viatu visivyoteleza, mawe yale yakiloa ni hatari.